Sura ya Guelord, Mikono ya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sephora alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kuchemsha maji ya chai, na kumsomea mama yake simu. Kufagia hakukupenda. Maji ya chai aliyavumilia. Lakini simu aliipenda kuliko bukari, ugali wa kwao, kwa samaki wa mikebuka. Si kwamba mama yake hakujua kusoma. Alijua vizuri, ila miwani yake ilikaliwa na mjomba wake Sephora, Tonton Guelord, siku ya Pasaka, na tangu siku hiyo maandishi madogo ya simu aliyaona kama siafu wanaohama.

Walikaa Makomeno, mtaa wa Lubumbashi. Baba Adalbert aliendesha lori kwenye barabara ya Kasumbalesa, na nyumbani alionekana mara moja moja kama umeme. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa mikononi mwa mama, na mikono hiyo ilikuwa ya fundi. Mama Domitille alitengeneza pampu za maji, zile zinazoshushwa ndani ya visima virefu vya bomba ambavyo watu wa Lubumbashi huviita foraji.

Ufundi ule aliurithi kwa baba yake, Nkambo Damien, yaani Babu Damien, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli. Nkambo Damien alimsubiri mtoto wa kiume kwa miaka kumi na miwili ili amfundishe kazi. Katika kusubiri huko, alimpa Domitille spana za kubeba. Guelord alipozaliwa hatimaye, spana zilikuwa zimekwisha kuzoea mikono ya dada yake, nazo hazikutaka kuhama.

Mzee aliacha sheria mbili. Ya kwanza: funga kabla hujafungua. Maana yake, usilegeze kitu chochote kwenye foraji kabla hujakifunga kwa kamba, kwa sababu kisima hakirudishi kilichomeza. Ya pili ilimchekesha sana Sephora. Kazi ikiisha, kila chombo kipanguswe kwa kitambaa, kiambiwe "aksanti," ndipo kirudi sandukuni. Mama aliishika sheria hiyo bila aibu. Aliishukuru nyundo, akalishukuru koleo, hata msumari uliopinda aliushukuru kwa kujaribu.

Sasa, kazi za siku hizi hazitafutwi kwa kubisha hodi. Kulikuwa na programu ya simu iitwayo Fundi Upesi. Mwenye shida anabonyeza, anaonyeshwa picha ya fundi aliye karibu, jina lake, na nyota alizopewa na wateja waliotangulia. Mama Domitille alijiandikisha kwa jina lake na picha yake ya kanisani, akiwa amefunga kilemba cha bluu.

Wiki tatu zikapita. Kazi zilizokuja zilikuwa za kufua nguo na kupiga pasi, kwa sababu programu ile ilipoona ni mwanamke, ilimpeleka moja kwa moja kwenye beseni. Wachache waliomwita kwa ajili ya pampu walimwona pichani wakafuta ombi. Mmoja alimwandikia kwa adabu sana akiuliza kama anaweza kuja na mume wake. Ba Ephraïm, mfanyabiashara wa unga aliyetoka Butembo, alimwacha afike hadi mlangoni. Akalitazama sanduku la vyombo, akatazama barabarani nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayekuja, kisha akasema, "Mama, pampu yangu iko chini mita makumi tano. Haiko ndoo." Akafunga mlango.

Mama Domitille alimshukuru kwa kufungua, akarudi nyumbani kwa miguu.

Sephora alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika umri huo mtu huona dawa ya kila ugonjwa ndani ya simu. "Mama," alisema jioni ile, "tuweke picha ya Tonton Guelord. Na jina lake. Watu wanataka kuona mwanaume, tuwape mwanaume waone. Kazi utafanya wewe."

Mama alinawa mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Mwishowe akasema, "Jaribu wiki moja tu."

Wiki moja hiyo ilizaa miezi mitano.

Tonton Guelord alikuwa mdogo wake mama, kijana wa kifua kipana na miwani ya jua. Aliuza kadi za simu pale njiapanda, siku alizojisikia. Kazi yake mpya ilikuwa kusimama. Na ukweli usemwe: alisimama vizuri. Alisimama kando ya foraji, mikono kiunoni, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza maji yakimwambia siri, huku dada yake amepiga magoti, mkono umezama bombani hadi begani. Kwa kusimama huko alipata sehemu yake ya kila malipo, na soda ya mwenye nyumba juu yake.

Hata Ba Ephraïm aliita. Hakumtambua Mama Domitille, maana mara ya kwanza hakuwa amemtazama. Alimletea Guelord kiti na Fanta baridi, kisha akamwambia mama, "Mama, sogea kidogo, fundi afanye kazi." Fundi alikuwa ameshika bomba zima la mita hamsini kwa mkono mmoja wakati huo, kwa hiyo hakusogea. Jioni Ba Ephraïm alimpa Guelord nyota tano na kuandika: "Aksanti, Ba Guelord. Mikono yako ni ya dhahabu."

Sephora aliusoma ujumbe ule kwa sauti, akijisifu kwa akili yake. Mama alikuwa akipangusa spana. Aliiambia spana aksanti, lakini kwa sauti ndogo kuliko kawaida.

Shukrani ni kama uji wa moto: ukimpa mtu asiyestahili, humwunguza. Guelord alianza kwa kusema "yaya anasema hivi," maana kwao yaya ni dada mkubwa. Baada ya miezi miwili akawa anasema "sisi mafundi." Kufikia mwezi wa tano alikuwa anawashauri majirani juu ya pampu zao akiwa ameegemea ukuta, na waliofuata ushauri wake walikwenda kuchota maji kwa jirani mwingine.

Siku moja ya Jumamosi, umeme wa Makomeno ulirudi alfajiri baada ya kupotea siku mbili. Mama Domitille aliushukuru, akaiacha simu nyumbani ipate chaji, akaenda sokoni kwenye mtaa wa jiji uitwao Kenya kutafuta mpira wa kuzibia maungio ya pampu. Sephora alibaki akifagia. Guelord alikuwa barazani akimaliza kiporo ambacho hakuna aliyemkaribisha.

Simu ikalia. Ilikuwa maternité ndogo ya watawa kule Kasungami, mahali pa kujifungulia wamama. Pampu yao ilikuwa imekufa tangu jana. Walimtaka Ba Guelord, mwenye nyota nyingi, aje haraka.

Programu ile ilitoa dakika kumi za kukubali. Zikipita, nyota hupungua.

"Tumsubiri mama," Sephora alisema.

"Tumusubiri mpaka wapi?" Guelord alijibu akilamba kidole. "Wanamuita nani pale? Miye njo niko pa picha. Nimesimama kando ya pampu makumi ine, hata mbuzi ingekuwa imejua."

Sephora alitazama dakika zikipungua. Alijua mama angesema hapana. Lakini aliziona pia zile nyota, nyota alizozikusanya yeye kwa akili yake, nazo zikikaribia kuanguka. Akabonyeza "Nakubali." Kisha akaingia ndani, akavuta sanduku la vyombo kwa mikono yake miwili, akampa mjomba wake.

Guelord alirudi saa tisa mchana kwa miguu. Miwani ya jua ilikuwa mfukoni, na bila miwani ile alionekana mdogo, kama kuku aliyenyeshewa. Aliketi chini, akaeleza kwa kuzungukazunguka, lakini habari yenyewe ilikuwa fupi. Alifika, akasimama, watu wakamngojea. Hapakuwa na mtu wa kupiga magoti ila yeye. Akashika spana, akalegeza kibanio kinachoshikilia bomba juu ya kisima, kabla hajaifunga kamba popote. Kibanio kikaachia. Bomba, waya, kamba na pampu vikateremka chini kwa pamoja. Aliwaambia watawa kwamba anakwenda kuchukua kifaa, akaondoka kabla hawajauliza kifaa gani.

"Sikiliza," alimwambia Sephora. "Tutamwambia yaya kamba ilikuwa imeoza. Makosa ya batawa. Mtawa hawezi kukasirika, kazi yake ni kusamehe. Ao tufute tu ile jina, tuandike ingine. Sura ziko mingi."

Sephora aliishika simu. Kufuta kulikuwa rahisi. Vidole vyake vilijua njia. Nyota zingepotea, lakini siri ingebaki. Na kama angesema ukweli, huenda mama asingepata kazi ya pampu tena maisha yake yote, arudi kwenye beseni la nguo, na yote yangekuwa kwa kosa lake.

Mama akaingia na mpira wake mpya umefungwa kwenye kona ya kitenge. Aliona sanduku. Akalifungua. Spana ilikuwa na matope, koleo lina matope, na hakuna kilichopanguswa.

Kabla hajauliza, Sephora alisema. Alisema yote kwa mfululizo, kuanzia dakika kumi hadi sura ziko mingi, bila kujificha nyuma ya mjomba. "Ni mimi niliyebonyeza. Ni mimi niliyempa sanduku."

Mama Domitille hakupiga, hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu. "Wale wamama wamebakiwa na maji kiasi gani?"

Sephora hakujua. Guelord hakujua. Wakati wote ule walikuwa wamezifikiria nyota, jina na kamba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewafikiria wale wamama. Hilo lilimwumiza Sephora kuliko kofi.

Mama alipiga magoti, akatoa chini ya kitanda kitu kilichofungwa kwa gunia. Kilikuwa chuma chenye kulabu tatu zilizopinda kama kucha, ambacho Nkambo Damien alikifua mwenyewe karakanani kwa ajili ya kuvulia ndoo zilizozama visimani. Nyumbani walikiita Mwewe. "Twende," alisema. "Wote watatu."

Pale Kasungami, mtawa mkuu wa maternité, Masere Annie, alikuwa langoni, mikono ya nguo imekunjwa hadi kwenye viwiko. Alimtazama Guelord, akamtazama mama, akauliza kifaa kiko wapi.

Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kunyamaza. Guelord angesimama tu kama kawaida, mama angetengeneza, na nyota tano zingeingia kabla ya jioni. Sephora aliona mama yake akivuta pumzi.

"Masere, fundi ni mimi," Mama Domitille alisema. "Huyu ni mdogo wangu, kazi yake ni kusimama. Watu walikuwa hawaniiti kwa sura yangu, basi tukaweka yake. Tumekudanganya. Ukitaka kumwita mwingine na kutushtaki, una haki. Ila niruhusu kwanza nitoe pampu yako."

"Picha niliiweka mimi," Sephora aliongeza, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya panya.

Masere Annie aliwatazama kwa zamu. "Nina wamama sita na ndoo mbili," alisema. "Dhambi tutaihesabu maji yakishatoka. Vueni viatu."

Mama alihakikisha kwanza kwamba umeme umezimwa. Kisha akafunga kamba mpya kwenye Mwewe, akamshusha kisimani polepole, macho amefumba, akisikiliza kwa vidole. Mwewe akapanda mtupu. Akashuka tena, akapanda na kipande cha waya kilichokatika. Wamama wenye matumbo makubwa walikuwa wametoka kutazama, na mmoja alisema chinichini kwamba yeye hajapata kuona mwanamke akivua samaki pale Kasungami. Mara ya tatu kamba ikakaza.

"Usivute," mama alimwambia Guelord, aliyekwisha kuruka. "Sephora, funga wewe. Kwenye ile nguzo ya chuma. Fundo la Nkambo."

Fundo Sephora alilijua; alikuwa ameliona likifungwa tangu alipokuwa hawezi kufunga hata viatu vyake. Alifunga, akavuta kujaribu, akafunga tena juu yake. Mama alilikagua, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Guelord akaambiwa avute. Na alivuta. Jasho lilimtoka, shati likapasuka mgongoni, hakulalamika hata neno. Siku ile, kwa mara ya kwanza, aliacha kusimama akafanya kazi.

Pampu ilitoka imejaa matope kama kambale. Mama aliisafisha, akaunga waya, akaweka ule mpira mpya alioutoa sokoni, akaishusha kwa mpango, amefunga kabla ya kufungua. Umeme ukawashwa. Bomba likakohoa, likatema maji mekundu, likakohoa tena, likatoa maji safi. Wamama wakapiga vigelegele. Mmoja wao alijifungua usiku ule, na alikuwa ameapa kumwita mtoto Domitille. Bahati mbaya alikuwa mvulana, ikabidi jina lingoje.

Masere Annie alikunywa kikombe kizima akiwa amesimama, kisha akacheka peke yake. "Mama, usidhani uko mmoja," alisema. "Kila mgeni anayefika hapa ananiuliza mkurugenzi yuko wapi. Anatafuta padri. Ninamwambia, yuko ndani ya hivi viatu." Akanyoosha mguu, ulikuwa mtupu kwa ajili ya matope, akacheka zaidi. Halafu akaomba simu, akauliza, "Hizi nyota nimpe nani?"

"Usimpe mtu," mama alisema. "Jumatatu tutakwenda kujieleza."

Wakaenda. Ofisi ya Fundi Upesi iliwasikiliza, ikalifunga jina la Guelord siku hiyohiyo, na nyota zake zote zikazimika. Lakini mama aliwaeleza pia habari ya beseni: kwamba programu yao humwona mwanamke ikamtuma kufua kabla hata haijamwuliza anajua nini. Karani aliandika, akasema watatazama. Haikujulikana kama walitazama haraka. Mama alijiandikisha upya kwa kilemba chake cha bluu, bila nyota hata moja. Ya kwanza aliipata jioni hiyo, kutoka Kasungami.

Mwezi ule kazi zilikuwa tatu tu, na bukari ililiwa kwa majani ya lengalenga siku nyingi kuliko samaki. Kisha pampu ya Ba Ephraïm ikagoma. Alimpigia Guelord moja kwa moja. Guelord akamwambia, "Ba Ephraïm, fundi ni yaya wangu. Ule mama mulisema asogee." Ba Ephraïm akakohoa, akasema huyo yaya aje. Alipofika, Mama Domitille alikuta kiti kimewekwa kando ya foraji, na Fanta juu yake. "Karibu, fundi," Ba Ephraïm alisema, akitazama viatu vyake mwenyewe. "Ile siku ya kwanza nilifunga mlango. Unisamehe." Mama alimshukuru. Kiti hakukikalia, kwa sababu pampu haitengenezwi kwa kukaa. Alikikalia Sephora, na Fanta ilikuwa baridi sana.

Jioni ile, barazani, Sephora alimwuliza mama yake kama bado amemkasirikia.

"Mwanangu, nilikubali mwenyewe, na mimi ni mkubwa, kwa hiyo kosa langu linazidi lako," mama alisema. "Wale waliofunga mlango walikosa. Mikono haina kilemba wala ndevu, inajua kazi au haijui. Lakini sisi tulipoficha sura yangu, tuliwasaidia waendelee kukosa. Na ukumbuke hili: kazi yako ikivaa sura ya mtu mwingine, siku ya shida ataitwa yeye, na wenye shida watabaki na kiu. Fanya kazi vizuri, isimamie kwa jina lako, na ukikosea sema mapema, kama ulivyosema wewe. Kwa hilo ninakushukuru."

Guelord alifika wakati huo akiwa hana miwani ya jua. Alikuwa ameiuza, akaongezea na alichopata kwa kuvuta kamba, akamnunulia dada yake miwani ya kusomea. Aliiweka mezani, mbali sana na kiti chake.

Mama aliivaa. Akachukua simu, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka alisoma mwenyewe, taratibu, ujumbe wa Ba Ephraïm: "Aksanti, Mama Domitille. Maji yanatoka." Aliusoma mara mbili. Ya pili aliisoma kwa sauti.

Sephora alikuwa amepoteza kazi yake ya tatu ya asubuhi, ile aliyoipenda. Alichukua kitambaa, akavuta sanduku karibu, akapangusa spana, akapangusa koleo. Mwewe alimwacha wa mwisho, akamsugua kulabu moja moja hadi zikang'aa.

"Aksanti," alimwambia, na safari hii hakucheka. Kisha akafunga sanduku.